Kuku Katika Chumba cha Mgeni

Kosa langu la kwanza katika utafiti wa udaktari lilikuwa la mavazi. Nilinunua kizibao sokoni Manika, kile ambacho kwetu tunakiita jile, cha rangi ya chungwa, chenye mistari inayong'aa. Muuzaji aliponivalisha alirudi nyuma kidogo, akaniangalia kama fundi anavyoangalia suti ya bwana harusi.

"Tata, sasa uko shefu," akasema, yaani mkubwa wa kazi.

Nilidhani ananibembeleza ninunue. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu, na mtu mwenye akili kidogo kunizidi angekivua palepale.

Sababu yangu ilikuwa nzuri. Pikipiki za teksi hapa Kolwezi hutokea pande zote, hata pande ambazo hazina barabara, na mtu wa umri wangu mwenye meta ya kupimia mkononi na hoja ya kitaalamu kichwani hasikii honi. Nilitaka nionekane. Nikaonekana.

Utafiti wenyewe ulihusu nyumba za Dilala, zile ambazo kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake enzi za wazee wetu. Zote zilitoka kwenye ramani moja: vyumba viwili, sebule ambayo watu wawili wakisalimiana lazima mmoja atoke nje, na jiko peke yake uani. Baadaye kampuni iliziuza kwa waliokuwa wanaishi humo, na kila familia ikaanza kuongeza na kubomoa kadiri ya uwezo wake. Swali langu lilikuwa rahisi: mtu aliyepewa nyumba inayofanana kabisa na ya jirani yake anafanya nini ili iwe yake? Nilizaliwa katika nyumba kama hizo, na mama yangu bado anaishi humo. Nilijiona mtu aliyeumbwa kwa ajili ya kazi hii.

Nilikuwa nimeshapita miaka hamsini, umri ambao wenzangu wanaongelea pensheni na shinikizo la damu. Profesa aliyenisimamia, mtu wa Lubumbashi, ni mdogo kwangu kiasi kwamba alikuwa ananiita "yaya", kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, halafu katika sentensi hiyohiyo ananiambia sura yangu ya pili haina kichwa wala miguu. Nilivumilia. Nilikuwa na sababu moja tu ya kumaliza, na sababu hiyo ilikuwa inakaa kwenye kiti cha plastiki barazani Dilala, magoti yake yamefungwa kitambaa.

Mama alitoka kaskazini ya Katanga akiwa bibi harusi, akaolewa na fundi umeme wa karakana ya kampuni, akamzika, akabaki. Tangu siku niliyomwambia nimeanza udaktari, aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile utaongea mbele ya baprofesa, bazazi banakaaka wapi?"

"Mbele, Mama."

"Basi mi nitakaa mbele. Na weye uongee nguvu, masikio yangu imechoka."

Akawaambia wenzake wa kikundi cha parokia, wakanunua kitenge kimoja wote, cha bluu chenye maua ya njano. Kwa hiyo kabla sijaandika sentensi ya mwisho, vazi la kusherehekea sentensi hiyo lilikuwa tayari kwa mshonaji.

Kazi ya kupima iliniendea vizuri kupita matumaini. Wenzangu walinionya kwamba watu hawafungui milango. Kwangu mimi walifungua hata ile iliyokuwa na kufuli. Nilijitambulisha kila mahali: mimi ni mtafiti wa chuo kikuu, nasoma maisha na nyumba. "Ndiyo, ndiyo, tata, tunajua," wakasema, wakinisogezea kiti. Nikiuliza, "Na hapa ni nini?" nikionyesha kijumba kilichojengwa pembeni ya jiko, jibu lilikuwa lilelile mtaa mzima: "Ile ni chumba ya mugeni." Nikapima, nikachora. Nyumba baada ya nyumba, chumba cha mgeni.

Moyo wangu ulijaa. Niliandika sura nzima, na hata leo naweza kuisema kwa kichwa, maana maneno mabaya hayasahauliki upesi. Niliandika kwamba watu wa Dilala, waliojengewa nyumba zisizo na nafasi ya mgeni, walijibu kwa kumjengea mgeni kabla ya kujijengea wenyewe. Nilisoma sura hiyo chuoni na wenzangu wakapiga makofi. Profesa akaniambia, "Yaya, hii ndiyo tasnifu yenyewe. Mengine yote ni maelezo."

Siku ya utetezi wa tasnifu ikapangwa na kutangazwa.

Halafu, Jumapili moja, nilitoka misani nimevaa shati jeupe, bila jile wala meta, nikapita kwa jirani wa mama yangu, mjane anayeuza mandazi, ambaye amenijua tangu sijui kutembea. Nilitaka kumshukuru tu. Chumba chake cha mgeni kilikuwa kizuri kuliko vyote, na picha yake ilikuwa mbele kabisa ya sura yangu. Mlango wa chumba hicho ulikuwa wazi. Akatoka kuku, akifuatwa na wenzake, halafu jogoo aliyeniangalia kama mwenye nyumba anavyomwangalia mtu asiyebisha hodi.

"Mama," nikasema, "mugeni wako iko wapi?"

"Aliendaka."

"Na hizi kuku?"

Akawatazama kama ndiyo kwanza anawaona. "Zinamuchungia nafasi."

Akajaribu kujizuia asicheke, akashindwa. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Weye mutoto wa hapahapa, haukujua? Mutu akikuya na jile na meta, njo anapima nyumba juu ya kuibomola, kampuni ichimbe. Na balipaka kwa chumba. Sasa mi niseme iko nyumba ya kuku? Kuku njo italipwa?"

"Lakini niliwaambia mimi ni mtafiti!"

"Bote banasemaka vile."

Nikabaki nimesimama na shati langu la misa. Nilikuwa nimeishi Kolwezi maisha yangu yote. Najua kabisa kwamba hapa shaba na kobalti ziko chini ya vitanda vyetu, kwamba mgodi ukitaka kupanuka hutanguliza watu wa kupima, kwamba fidia huhesabiwa kwa idadi ya vyumba, na kwamba mtaa wenye akili huwapokea kwa viti na vyumba vingi. Mtoto yeyote wa Dilala angenieleza. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vya miji ya mbali, nikajivika mavazi ya wabomoaji, halafu nikastaajabia ukarimu wa watu wangu.

Nilizunguka mtaa mzima alasiri hiyo. Chumba kimoja cha mgeni kilijaa matofali. Kingine kilikuwa na jenereta iliyokufa, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Penye pazia la maua lililonivutia sana, ambalo mwenyewe aliniomba nisilifungue kwa kuwa mgeni amelala, nyuma ya pazia palikuwa na ukuta. Watu walinionyesha bila aibu, wakicheka. Mzee mmoja alinipa pole. "Shiye tulizani uko mujanja," akaniambia, "kumbe uko mutu muzuri tu."

Nikaenda kwa mama yangu. Maana kwenye ramani ya nyumba yake pia, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kulikuwa na chumba cha mgeni. Nikafungua mlango wake. Magunia ya makaa.

"Mama. Hata weye?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Ulikuya na jile."

"Mimi ni mwanao!"

"Njo nilisema, mutoto wangu balimupatia kazi kule kampuni, anasikia haya kuniambia. Nikasema, kama anapima, apime mingi. Basije bakamufukuza juu ya nyumba ya mama yake ni kidogo."

Sikujua nicheke au nipige magoti. Mwanamke huyu aliamini nimetumwa kuja kupima nyumba yake ibomolewe, na alichofanya ni kunisaidia.

Jioni hiyo nilimpigia profesa. Akasema polepole, "Yaya, majaji wanatoka Lubumbashi. Nani kati yao ataingia kwenye banda la kuku?" Hakusema kwa ubaya. Siku ilikuwa imetangazwa, na kuahirisha kwa mtu wa umri wangu mara nyingi ni njia ya adabu ya kuacha.

Nilirudi kukaa barazani kwa mama. Kitenge cha bluu kilikuwa kimeshatoka kwa mshonaji, kinaning'inia mlangoni. Nilimweleza yote: nikinyamaza, atakaa mbele, nitapigiwa makofi, na maneno yote yatakuwa ya uongo; nikisema kweli, pengine nitarudishwa kuanza upya, na sijui kama magoti yake yatanisubiri.

Mama akaangalia kitenge, akaniangalia mimi.

"Mi sikununua hii kitenge juu ya kuku," akasema. "Ondosha ile jile kwa nyumba yangu. Kesho utakuya na meta tu, nitakuonyesha pahali ulisomaka."

Kesho yake akanipeleka nyuma ya jiko, akitembea kwa kushika ukuta. Upande ule usioonekana kutoka barabarani, palikuwa na mraba mweusi uliopauka. Nilikuwa nimeupima ukuta ule. Kwenye ramani yangu uliandikwa "ukuta".

Kila mtu wa rika langu Dilala anaujua mraba kama huo, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeutaja, mimi wa kwanza. Zamani kampuni ilipaka nyumba chokaa, na askari wake walizunguka kukagua. Doa mbele ya nyumba lilimletea baba maneno kazini. Lakini nyuma ya jiko askari hawakufika, kwa sababu huko akina mama walikuwa wanamwaga maji ya vyombo bila kuangalia nani anapita. Huko ndiko wazazi wetu walipaka ubao: unga mweusi wa betri za redio zilizokufa, uliosagwa na kuchanganywa na maji ya sombe, majani ya mihogo, ili ushike. Shule zilipofungwa kwa sababu walimu hawakulipwa, sisi tulisoma kwenye kuta. Kwetu kulikuwa na hesabu, baba akitoka zamu na mafuta ya karakana bado mikononi. Kwa mjane wa mandazi, mumewe, karani, alifundisha Kifaransa. Nyumba ya tatu ilikuwa ya jiografia, na mwalimu wake hakuwahi kufika mbali kuliko Dilolo, reli inapokutana na Angola. Kwa hiyo dunia yetu yote ilianzia Dilolo, ikasambaa kutoka hapo. Wakati wa kubadilisha somo mama alipiga kifuniko cha sufuria, na tukakimbia.

"Tulikimbia wapi?" nilimwuliza mama, maana nilitaka kusikia.

"Mule mu lupango," akasema, akionyesha ua wa miti. "Kwa ile mulango yenu."

Kulikuwa na pengo kwenye ua, la upana wa mtoto. Nilifunua ramani yangu. Pengo lilikuwepo, nimelichora kwa uangalifu mkubwa. Kando yake nimeandika "uzio mbovu".

Nadhani hapo ndipo elimu yangu ilipoanza kunilipa. Nilichukua karatasi safi, nikakaa kwenye meza ya baraza, nikaanza kuchora mtaa wote upya, safari hii si nyumba mojamoja ila zote kwa pamoja. Kwa siku zilizofuata nilizunguka kwa shati tu, nikiuliza ukuta mweusi uko wapi. Watu walinipeleka nyuma ya majiko yao kwa nyuso tofauti kabisa na zile za siku ya vyumba vya wageni, na hakuna aliyeharakisha. Mzee mmoja aligusa mraba wake akaniambia binti yake, mganga wa hospitali, alianzia hapo. Na kila nilipoweka mraba mweusi kwenye karatasi, mapengo yale niliyoyaita mabovu yakajipanga yenyewe. Pengo lilielekea ubao, ubao ukaelekea pengo, uwanja kwa uwanja, mpaka mwisho wa mtaa. Hakukuwa na uzio mbovu hata mmoja. Kampuni ilikuwa imejenga safu ya nyumba. Wazazi wetu, bila kuongeza tofali, waliigeuza kuwa shule moja ndefu, na korido yake ilipita katikati ya miti.

Niliita mama aje aangalie. Akavaa miwani, akafuata kwa kidole kutoka ukuta wetu mpaka mwisho.

"Njo ile," akasema. Halafu: "Baba yako angeona hii, angetembea nayo kazini."

Niliifuta sura ya mgeni. Profesa alikuja mwenyewe kutoka Lubumbashi, akapita mapengo kwa shida, kwa maana ana tumbo la cheo chake, na alipofika ubao wa mwisho akasimama akiugusa. "Nitawaandikia majaji," akasema. "Siku ile haibadiliki. Lakini yaya, uandike bila kulala."

Siku ya utetezi ukumbi wa Manika ulijaa bluu na njano. Majaji walichelewa kwa sababu ya malori ya migodi barabarani, na akina mama wakaimba mpaka mlinzi akaja kuomba wapunguze. Mama alikaa mbele. Niliongea nguvu.

Mwenyekiti wa majaji, mtu mkavu mwenye kalamu nyekundu, alifunga kazi yangu juu ya meza. "Nilisikia habari za chumba cha mgeni," akasema. "Ilinipendeza. Iko wapi?"

Nilihisi nyuma yangu kitenge kile chote kikishika pumzi. Nikasema kweli: kwamba nilivaa jile, kwamba wenyeji waliniona mtu wa kubomoa, wakalinda nyumba zao kwa njia wanayoijua, na kwamba vile vyumba ni vya kuku, makaa na matofali. Nikasema kosa la kusoma lilikuwa langu.

"Kwa hiyo walikudanganya."

"Walinijibu, mwenyekiti. Mimi ndiye niliyefika nimevaa swali lingine."

Akaandika kitu. "Na haya mapengo? Mtafiti aliyeamini vyumba vile, kwa nini leo tumwamini? Pengine mapengo haya ni ya kuku vilevile."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mjane wa mandazi ilipanda kutoka mstari wa pili. "Tata profesa, kuku zangu hazina diploma!"

Ukumbi ulilipuka. Mlinzi akaja tena. Mwenyekiti aligonga meza, lakini niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Utulivu uliporudi nilimwonyesha urefu wa mapengo: yalikatwa kufikia kimo cha mtoto, makubwa mno kuwa njia ya kuku, na matawi ya miti yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kwa waya wa umeme wa karakana, ule ambao baba zetu pekee waliupata. Akauliza mengine mengi. Nilijibu, na pale nisipojua nilisema sijui, jambo ambalo lingenisaidia sana miezi iliyotangulia.

Matokeo yaliposomwa sikusikia maneno yote, kwa sababu neno la kwanza lilipotoka tu, akina mama walikuwa wamenifikia. Kwetu anayefaulu humwagiwa poda kichwani, na wao walikuwa wameinunua ya kutosha ukumbi mzima. Mama hakumwaga. Alisubiri wote wamalize, akaja polepole, akanipaka kwenye paji la uso kwa kidole kimoja, kama mtu anayeandika kwenye ubao.

Kisha akamgeukia profesa. "Weye utalala kwetu," akasema, na haikuwa ombi.

Tulipofika Dilala alifungua mlango wa chumba cha makaa. Magunia hayakuwepo. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, ndani kuna kitanda, shuka, na ndoo ya maji iliyofunikwa. Akanigeukia na uso wa mshindi.

"Chumba ya mugeni," akasema. "Sasa andika."

Nikamwambia kazi imeshafungwa, haiandikiki tena. Akasema hilo ni shauri langu.

Asubuhi profesa alitoka na mswaki mdomoni, akaenda nyuma ya jiko kutafuta maji, akasimama mbele ya ukuta akiutazama kwa heshima ya mtu aliyeandika barua ndefu juu yake. Mama alikuwa ameupaka upya, mweusi kabisa. Wajukuu wake na watoto wa jirani walikuwa wamekaa chini, mmoja wao ameshika chaki.

"Tata," akasema msichana mmoja, kwa adabu lakini bila kungoja, "sogea kidogo, hatuone hesabu."

Profesa akasogea. Mimi nilikuwa mlangoni, poda bado masikioni, nikasogea pia.